Glavu ya Mkono wa Kushoto

Kwa nini alisema ameguswa?

Watu tuliojazana nje ya klabu ya Wazungu siku ile tulikuwa na macho, na mimi nilikuwa na macho ya mtoto anayeweza kuona chawa kwenye nywele za mwenzake akiwa bado mlangoni. Hakuna aliyeona ncha ya upanga ikimgusa kaka yangu. Lakini Mabula alisimama, akashusha upanga wake, akainua mkono na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye uzio wa minyaa tulikosimama, "Nimeguswa." Kwa neno hilo moja akarudi shimoni, na shimo likammaliza.

Sipendi kumbukumbu za utotoni zinazopakwa asali. Wenzangu wengi waliokulia kambi za machimbo wakikutana husimulia juu ya sinema za Jumamosi na mikate ya duka la kampuni, kana kwamba tulilelewa harusini. Mimi nisingeandika lolote kama mama asingefariki. Nilikuwa ng'ambo, masomoni, na nilipofika kijijini kwetu Didia kaburi lilikuwa limeshaanza kupasuka kwa jua. Shangazi zangu walikuwa wamegawana khanga na vyungu, wakaniachia sanduku la bati, kwa kuwa "msomi atajua la kufanya na makaratasi." Hapakuwa na makaratasi. Palikuwa na khanga iliyochakaa, na ndani yake glavu moja ya ngozi, ya mkono wa kushoto. Niliinusa kabla sijaitambua. Mafuta ya mashine, jasho kavu, ngozi kuukuu. Ilikuwa glavu ya Mabula.

Nianze na Didia, kwani ndiko Mabula alikojifunzia kosa lake.

Kabla baba hajakwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu upande wa Geita, Mabula alikuwa mchungaji. Wavulana wa machungani walikuwa na mchezo wa fimbo: wawili wanasimama, kila mmoja na fimbo yake nyembamba, na mwenye kumgusa mwenzake ndiye mshindi. Mchezo ule haukuwa na mwamuzi. Nani angeamua, ng'ombe? Aliyeguswa husema mwenyewe, awe ameguswa kifuani, kisogoni au kwenye ukucha wa mguu. Asiyesema hapigwi wala hatukanwi. Wanamwacha tu. Kesho yake anachunga peke yake, anakula peke yake, anaongea na ndama. Mabula aliniambia kwamba aliwahi kumwona mvulana mmoja akilia kwa adhabu hiyo, mvulana mkubwa, mwenye ndevu zinazoanza.

Tena Mabula alikuwa wa kushoto. Mama alimfunga mkono ule kwa kitambaa wakati wa kula, akampaka pilipili vidoleni, akamwambia kwamba hakuna atakayemwoza binti mtu anayepokea vitu kwa mkono wa chooni. Alijifunza kula kwa kulia. Fimbo hakuweza kuihamisha.

Baba alituita kambini, tukapewa chumba kimoja katika safu ya kota za mabati. Ninachokikumbuka zaidi ni kinu cha kusagia mawe, kilichotwanga bila kupumzika, hata tukawa tunaongea kwa kupaza sauti bila kujijua. Likizo moja tuliporudi Didia bibi aliuliza kwa nini tunagombana kila saa. Baba alichimba, akakohoa, akakonda, akazikwa. Nyapara alikuja kutoa pole na kuuliza kama kuna kijana mwingine nyumbani. Mabula akaenda siku ya pili. Jioni alirudi akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyepakwa unga, na mama akamfuta uso kwa nguvu, akisugua na kusugua mahali palipokuwa pameshatakata.

Kulikuwa na Mtaliano mmoja pale kambini, aliyeishi mwisho wa nyumba za Wazungu, karibu na kota zetu kuliko karibu na wenzake. Alikuja nchini kama mfungwa wa vita, na vita vilipokwisha hakurudi kwao. Alipewa kazi ya kutengeneza pampu na jenereta. Waingereza walimwita klabu taa zilipozimika, zikiwaka wakamshukuru na kumfungulia mlango wa kutokea. Sisi tulimwita Bwana Sindano.

Jina hilo lilitokana na nilichokiona mimi kwanza, nikikusanya kuni nyuma ya nyumba yake. Alivaa koti jeupe lililobana, kinyago cha wavu wa waya kimefunika uso wote, mkononi ana chuma chembamba kirefu kinachotetemeka. Aliinua chuma mpaka kidevuni, akamwamkia mtu. Mtu mwenyewe hayupo. Kisha akaenda mbele, akarudi, akaenda, akajirusha ghafla mguu mmoja mbele kama mjusi, akachoma hewa. Halafu akaiinamia hewa ile kwa heshima.

Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Kwetu kila manju, kiongozi wa ngoma, hujiandaa kwa mashindano kwa siri. Ana mavazi yake, ana dawa yake ya kuwavuta watu waliache kundi la mpinzani waje kwake. Nikakimbia kumwambia mama kwamba Mzungu wa pampu ni manju wa kwao, kinyago ndicho chenye dawa, na anacheza na mzimu.

"Na mzimu unamshinda?" mama aliuliza.

"Unamshinda. Anauinamia."

"Basi angalau kuna mtu anamshinda Mzungu," mama akasema, akaendelea kupepeta mtama.

Mabula alicheka, lakini Jumapili iliyofuata alikwenda kuchungulia mwenyewe. Hakuona ngoma. Aliona mchezo wa machungani. Akaokota ufito, akasimama mbele ya yule mtu, upande wa mzimu. Mpishi wa Sindano, Ramadhani, Mnyamwezi wa Tabora ambaye mdomo wake haukuwahi kuona likizo, alitoka jikoni na sahani mkononi, akitegemea kaka yangu atafukuzwa. Badala yake Sindano alivua kinyago, akautazama mkono ulioshika ufito, na uso wake ukabadilika.

"Shoto!" alisema. "Wewe shoto! Mzuri sana! Mkono ya shaitani!"

"Anasemaje?" Mabula aliuliza.

"Anasema mama yako alipoteza pilipili bure," Ramadhani akajibu.

Tangu hapo kila Jumapili Mabula alikwenda. Alipewa upanga wa pili, kinyago cha zamani na koti lililomfika juu ya kitovu. Mama hakupenda.

"Baba yako amekufa kwa vumbi. Wewe unataka kufa kwa sindano?"

"Mayu, haina ncha. Mwisho wake ni butu, kama kifungo."

"Kitu kisicho na ncha Mzungu hakishiki."

Mimi nilikaa kwenye gogo na kutazama. Kiswahili cha Sindano kilikuwa kile cha kambi ya wafungwa, kisicho na mwanzo wala mwisho, kwa hiyo alifundisha kwa mikono. Alimpiga Mabula magoti kwa fimbo mpaka yakunjwe. Alimzuia kisigino ukutani asirudi nyuma. Mabula alipomwuliza mahali pa kupiga, Sindano alijigonga kifuani: "Hapa. Hapa, moyo." Mabula akaitikia. Lakini mtu akikuambia nyoka hupigwa kichwani, hajakuambia kwamba mkia si nyoka. Mabula aliamini amepewa shauri la mahali bora, na kifua ndicho alichokitafuta siku zote, na Sindano vivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumwambia zaidi. Je, bingwa humweleza sheria zote mtu anayemtumia kama ukuta wa kufanyia mazoezi? Swali hili nimelala nalo mara nyingi.

Maana alikuwa bingwa kweli. Wakipumzika alimsimulia Mabula, na Mabula akatusimulia sisi jioni akiwa na bakuli la ugali mapajani. Baba yake Sindano alikuwa mwalimu wa upanga, na alimfundisha kutembea kwa mguu wa mbele na wa nyuma kabla hajamruhusu kucheza na watoto wenzake. Akashinda watoto wa mji wake, kisha vijana wa mkoa wake, kisha nchi nzima. Alikuwa na medali kwenye kopo la biskuti, Mabula alizigusa. Alikwenda kwenye mashindano ya mataifa, akashindwa kwa mguso mmoja, na magazeti yakasema muda wake bado, atarudi. Akajiandaa miaka yote ile. Kisha vita. Wakampa bunduki, wakampeleka Uhabeshi, akakamatwa, akakaa nyuma ya seng'enge akifanya mazoezi kwa ufito wa mti wakati wafungwa wenzake wakimcheka. Alipotoka, mashindano yalikuwa ya vijana wengine. Baba yake alikuwa amekufa. Akabaki na pampu.

"Mtu anaweza kuwa bingwa wakati hana wa kumshinda?" nilimwuliza Mabula.

"Ndiyo maana ananihitaji mimi," alisema, akacheka, kisha akakohoa. Kikohozi kilikuwa kidogo tu. Mama aliweka mwiko chini.

Nadhani tangu jioni ile mama aliacha kuupinga upanga. Alianza kumwekea Mabula uji wa asubuhi wa Jumapili mzito kuliko wetu.

Meneja wa mgodi alipata habari kwa watumishi. Akaja Jumapili moja na mke wake na mbwa, akatazama, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akasema jambo, na Ramadhani aliyekuwa akipitisha chai alilisikia, akatuletea neno kwa neno. Siku ya sherehe ya klabu wapigane mbele ya watu, wa kwanza kufikisha miguso mitano ndiye mshindi. Mtaliano akishindwa na kijana wake, kijana atolewe shimoni, aingie karakana ya pampu, juu, kwenye hewa.

"Na akishindwa Mabula?" mama aliuliza.

"Akishindwa Mabula hakuna kilichoharibika," Ramadhani alisema. "Anarudi kazini kwake."

"Wewe mpishi," mama alisema, "hujawahi kumfuta mtu lile vumbi."

Siku ilipofika tuliruhusiwa kusimama nje ya uzio. Wazungu walikaa kwenye viti vya turubai chini ya mti wa krismasi uliochanua mwekundu. Sindano alikuwa amepaka chokaa viatu vyake. Mabula alipewa raba za mtu, hazikumtosha, akazivua, akaingia peku. Mkono wa kushoto alikuwa na glavu, hii hii, aliyoazimwa. Wachimbaji walikuwa nyuma yangu, wengine wametoka zamu moja kwa moja, na walimtania.

"Ngosha! Ukimkosa yeye, mchome hata mbwa!"

"Mabula, funga koti, kitovu kinatuangalia!"

Wakaamkiana kwa panga, wakavaa vinyago, na utani ukaisha. Sijui niwaeleze vipi. Siku zote nilikuwa nimemwona kaka yangu kama mtu anayejifunza. Siku ile sikuweza kujua nani mwalimu. Mwamuzi alikuwa karani mmoja wa Kiingereza asiyejua mchezo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu tu, na kila aliyeguswa alisema mwenyewe. Sindano aliguswa, akasema. Mabula aliguswa, akasema. Mkono wa kushoto ulimtokea yule mzee kutoka upande asiouzoea, na nikamwona akirudi nyuma, akirudi, mpaka kisigino chake kikagusa mguu wa kiti cha mke wa meneja. Wazungu hawakucheka tena. Mmoja alisema neno kwa sauti ya chini na wengine wakamtazama Sindano kama watu wanaotazama mbwa wao akishindwa na mbwa wa jirani. Yeye aliona. Hata mimi niliona kwamba ameona.

Nne kwa nne.

Mama alinishika bega. Vidole vyake viliniuma.

Mabula akaingia. Panga zikagongana chini, karibu na majani, haraka mno, na mara upanga wa Mabula ukawa juu, wazi, kifua cha Sindano kiko mbele yake. Na Mabula akasimama. Akashusha upanga. Akainua mkono.

"Nimeguswa."

Sindano hakusogea. Alibaki amesimama na kinyago chake, akitazama chini, halafu akageuza kichwa walikokaa Wazungu, halafu akatazama chini tena. Ramadhani alisema baadaye kwamba muda ule ungetosha kumenya kitunguu. Mimi nilidhani anasali. Kisha akainua upanga mpaka kidevuni, akamwamkia kaka yangu kama alivyokuwa akiuamkia mzimu, na Wazungu wakapiga makofi.

Nyuma yangu mtu alitema mate. "Amenunuliwa," alisema.

"Ameogopa," alisema mwingine. "Mtu wa shimoni akitolewa juani macho yanamuuma."

Nyumbani hakuna aliyekula. Nilimsubiri mama atoke kuchota maji, nikamwuliza Mabula aliguswa wapi. Alininyooshea mguu. Kando ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na kidonda kidogo chekundu, si kikubwa kuliko punje ya mtama.

"Huyo ni funza," nilisema.

"Si funza, Minza."

"Hakuna aliyeona."

"Mimi niliona."

"Ungenyamaza! Ungempiga tu! Ungekuwa karakana!"

Alirudisha mguu chini ya kitanda. "Halafu nicheze na nani?" alisema.

Sikumwelewa, na kwa kweli sikumwamini. Nilikuwa nimeona funza wengi wakiacha alama kama ile. Kwa miaka niliamini moja kati ya mawili: ama kaka yangu aliogopa kumshinda Mzungu, kisha akatafuta kidonda cha kujisitiri, ama aliahidiwa kitu ambacho hakupewa. Shuleni, kisha chuoni, nilipojifunza maneno makubwa ya kueleza kwa nini mtu aliyetawaliwa huinamisha kichwa mwenyewe, nilimfikiria Mabula na maneno yakakaa mahali pake sawasawa. Yalikaa vizuri mno. Ningepaswa kuyashuku kwa hilo tu.

Jumapili iliyofuata Mabula alikwenda nyuma ya nyumba ya Sindano, akakuta mlango umefungwa. Ya pili pia. Ya tatu Ramadhani alikuja kwetu na kifurushi, ndani mna glavu.

"Anasema ni yako."

"Mwambie wabeja, nashukuru. Mwambie nitakuja Jumapili ijayo tucheze."

"Usije," Ramadhani alisema. "Amevunja panga zote mbili. Amezivunjia gotini, nikiwa nakaanga samaki. Nilidhani ni kuni."

Haikupita masika kabla Sindano hajaondoka. Wengine walisema amekwenda kusini, wengine walisema pombe imemmaliza Mwanza. Mabula alibaki shimoni. Kikohozi kilikua kama mtoto anavyokua, huoni siku kwa siku, unashtuka tu kimefika begani. Mwishoni hakuweza kupanda ngazi tatu za zahanati bila kupumzika. Mama alimrudisha Didia afie penye hewa. Alimzika, akaifunga ile glavu kwenye khanga, na hakuitaja tena. Wala mimi sikuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

Baada ya matanga nilirudi chuoni ng'ambo nikiwa na glavu mkobani. Kuna ukumbi wa michezo ambao nilikuwa nikipita mbele yake kila siku, na ndani yake wanafunzi waliovaa meupe na vinyago vya waya. Kwa miaka miwili sikuwahi kuingia. Jioni ile niliingia. Mwalimu wao alikuwa mama wa makamo, ana kovu shavuni, mcheshi. Aliipokea glavu kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa kama nilivyoinusa mimi.

"Ya mtu wa kushoto," alisema. "Wanatutesa sana hawa. Alikuwa hodari?"

Nikamwambia: nne kwa nne, na bingwa wa nchi nzima. Akapiga mluzi. Nikaokota upanga mmoja mezani, mwembamba, mwisho wake butu kama kifungo, nikamwonyesha kwamba ni huu, huu hasa. Kisha nikamwuliza nilichokuwa nimekuja kuuliza, kama inawezekana mtu aguswe kidole cha mguu kwa upanga huu na asionekane na mtu yeyote ila yeye mwenyewe.

"Inawezekana kabisa," alisema. "Panga zikigongana chini, ncha huteleza. Hutokea kila wiki."

Kwa hiyo hakudanganya. Na yule mama, akiwa bado ananirudishia glavu, akaongeza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo kila mtoto pale ukumbini analijua tangu siku ya kwanza, kwamba kwa upanga huu kinachohesabiwa ni kiwiliwili peke yake. Mguu si kitu. Anayeguswa mguuni hajaguswa. Wanarudi mahali pao, nne kwa nne, na mchezo unaendelea.